Betri Iliyoanikwa Juu ya Bati

Mbita, Homa Bay
Jumapili, 23 Februari 2025
Mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani

Dada Bhoke,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mke wangu Liz na watoto wako salama hapo bomani kama ulivyoandika. Mimi nina afya isipokuwa mgongo. Tangu tuanze kupakua vyuma vya vizimba vipya vya samaki, mgongo huu umekuwa kama wa mtu mwingine aliyeniazima.

Barua yako nilipewa na Boaz wa lori alipokuja kupakia dagaa wa omena Jumanne. Nimeisoma mara tatu na kila mara nimekasirika mahali tofauti. Unasema betri ya asidi ilikata mashine ya kuangua ikiwa siku ya kumi na sita, na ukazika mayai tisini na sita nyuma ya choo. Unasema Zablon alisimama akikutazama ukichimba, kisha akasema mayai yakiharibika mara nyingine, yeye kama mkubwa wa boma atakurudisha Oyugis kwa Motari. Zablon ni kaka yetu, amenitangulia kuzaliwa, lakini aliuona mkono wako ukiwa kwenye plasta. Alijua ni mume wako aliyeuvunja. Leo anataka kukurudisha kwa sababu ya mayai? Ningekuwa hapo ningemuuliza mbele ya watu.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu iliingia ziwani mwezi wa kumi na mbili, na yako umesema haina mahali pa kuchajiwa tangu betri ife. Na hata tungekuwa nazo, kwa simu wewe hunikatia maneno. Hapa utanisikiza mpaka mwisho.

Umeniomba nikuchagulie betri. Nimekuchagulia, Boaz anayo kwenye lori, imefungwa kwa gunia na kamba ya bluu. Usimruhusu mtu mwingine kuipokea.

Usidhani nimebahatisha. Kampuni hii ya samaki imejenga chumba cha barafu kinachoendeshwa na sola, kwa sababu nguzo za stima hazijafika huku. Betri zote zilizomo nilizibeba mimi, kwa bega, kutoka barabarani hadi ufukoni. Fundi wa umeme anaitwa Nyarangi. Haniiti Matiko, ananiita mbebaji. Mbebaji weka pale, mbebaji toa hapa. Lakini mbebaji ana masikio. Nimesikia kwamba ya asidi ukiitumia zaidi ya nusu kila siku unaiua polepole, na ndivyo tulivyoiua yako. Hii ni ya lithiamu, ile aina ya chuma na fosfeti ambayo haishiki moto ovyo. Unaweza kuitumia karibu yote, kesho ukaijaza tena, na itaishi kuliko zile mbili ulizokwisha kuzitupa ukiziunganisha miaka.

Nilienda Homa Bay mjini kwa muuzaji anayeitwa Angwenyi. Alinitolea ya kwanza, imeandikwa ampea mia, nikaiinua kwa vidole viwili. Nikamwambia hii ni redio. Akacheka, akaleta ya pili. Hiyo ilikuwa nzito vizuri, lakini nilipoiinamisha nikasikia kitu kikichuruzika ndani. Mtu alikuwa ameijaza mchanga ili watu kama mimi waridhike. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba kwetu Kehancha mtu huchapwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Akaapa kwamba yeye pia aliuziwa hivyo. Ya tatu ndiyo hiyo. Ina kilo kumi na moja, imeandikwa volti kumi na mbili nukta nane, wala si kumi na mbili tupu. Nilimlazimisha aifunge kwenye taa kubwa na feni, nikaketi dukani kwake nusu siku nikiitazama. Haikutetereka. Akanigongea muhuri wa dhamana ya miaka mitatu kwenye karatasi. Karatasi hiyo iweke kwenye Biblia yako.

Umbo lake ni lile lile la betri ya zamani. Unatoa ile, unaweka hii palepale, waya zile zile, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Hakuna kingine cha kubadilisha. Pesa ni za mgongo wangu, usiniulize.

Weka mayai. Zablon atafute neno lingine la kusema.

Kaka yako,
Matiko


Nyumbani, Kehancha
Jumapili, 2 Machi 2025

Matiko,

Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mtoto wako wa mwisho alikuwa na homa ya siku mbili, imeisha. Liz anasema sweta uliyomwahidi mtoto imekuwa ndogo kabla haijafika.

Betri imefika. Boaz aliishusha kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ameshika mkate, na hapo ndipo shida ilipoanza. Zablon alikuwa amekaa kwa ngazi. Alikuja, akaiinua, akaishusha, akaiinua tena, akaniambia mdogo wetu ameuziwa boksi. Watu waliokuja kununua maziwa nao wakapanga mstari kuinua. Mama mmoja akasema hata mtoto wake mchanga ni mzito kuliko hiyo. Nilikuwa na hasira na wao, na wewe pia, kwa sababu ungeniandikia kwenye gunia kwa herufi kubwa kwamba wepesi wake ndio uzima wake.

Lakini nimefunga nyekundu kwa nyekundu. Mashine imewaka. Kwa ile ya asidi nilifunga waya za mashine moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, bila kupitia kile kisanduku cha ukutani cha kupokea nguvu ya paneli, na nimeacha hivyo hivyo. Jana, Jumamosi tarehe mosi, nimeweka mayai tisini na sita. Yanaanguliwa tarehe ishirini na mbili. Joto limesimama mahali pake, halipandi halishuki. Kwa hilo nakushukuru.

Nina maswali mawili. La kwanza, sioni vifuniko vya kuongezea maji ya betri. Ile ya zamani nilikuwa naipa maji kila mwisho wa mwezi. Hii imefungwa pande zote, ina skrubu ndogo tu juu. Je, natoboa wapi?

La pili ni hili. Motari ametuma neno kwamba watu wake watakuja. Zablon amekubali kuwakaribisha baada ya mayai kuanguliwa. Unajua ng'ombe alizonilipia zilienda wapi. Zilitoka kwa baba zikaenda kwa kina Liz, ndizo zilizokuletea mke. Kwa hiyo siku hiyo kauli ya Zablon ni nzito, lakini yako ni nzito zaidi. Unaniandikia betri kurasa mbili. Kuhusu kuja nyumbani hujaandika hata mstari. Utakuja lini?

Dada yako,
Bhoke


Mbita
Alhamisi, 6 Machi 2025

Dada Bhoke,

Salamu kwa wote. Mimi ni mzima. Kama tayari umeitoboa, ikunje barua hii uwashie jiko, hakuna haja ya kuendelea kusoma.

Kama hujaitoboa, nisikilize. Hii haina maji. Haina asidi. Ndani kuna vyumba vinne vilivyofungwa na ubao mdogo wa umeme unaovilinda. Ubao huo ukiona jambo la hatari unafunga mlango wenyewe. Betri hii hainywi kitu. Usiipe maji, usiipe mafuta, usiiombee wala usiipake kitu kwenye skrubu. Mtu yeyote akija na bisibisi, mfukuze, hata akiwa Zablon. Kwanza akiwa Zablon.

Hao waliopanga mstari kuinua, ungewaambia wakapime ng'ombe wao. Mimi nimechoka na watu wanaojua kila kitu kwa kuinua. Huku kambini ni hivyo hivyo. Wiki hii tulibeba mawe ya kushikilia vizimba mpaka mwenzangu akaanguka ndani ya maji na jiwe lake, na msimamizi alichouliza ni kama jiwe limepatikana. Nilimjibu kitu ambacho siwezi kukuandikia. Wamenikata malipo ya siku mbili.

Umesema waya za mashine zimeenda moja kwa moja kwenye betri. Ni sawa. Kisanduku cha ukutani kitakuonyesha taa ya kijani, ikiwa kijani usihangaike.

Kuhusu kuja, kazi haijaruhusu. Nikiondoka sasa wanamweka mwingine kabla sijafika barabarani. Kuhusu Motari, waache waje, waketi, wanywe chai, waondoke. Sina la kuongeza kwa sasa.

Geuza mayai mara tatu kwa siku.

Kaka yako,
Matiko


Nyumbani
Jumamosi, 15 Machi 2025

Matiko,

Watu ni wazima. Mimi sijalala, kwa hiyo siwezi kukuambia kama ni mzima au la.

Betri yako imekufa. Kulikuwa na mawingu Jumatatu, Jumanne na Jumatano, paneli hazikupata jua hata la kukausha soksi. Ile ya zamani ikichoka ilikuwa inaonya, taa inafifia, joto linashuka taratibu, unajua uwashe jiko. Hii yako haikuonya. Taa ya ukutani ilikuwa kijani, kijani yako hiyo, na Alhamisi saa nne asubuhi kila kitu kikazimika kwa mara moja kama mtu amekata waya kwa panga. Hata hiyo taa ya kijani ikazimika. Jua lilitoka mchana huo, kali kabisa, na betri haikupokea hata tone.

Nilifanya nilichojua. Unakumbuka baba alikuwa anaanika mawe ya redio, zile betri ndogo, juu ya bati yakiisha nguvu, na jioni redio inaongea tena. Nikaipandisha betri juu ya paa la jiko la nje, kwenye bati, ikakaa hapo Ijumaa yote. Liz aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia baba alisikiliza matangazo ya mpira miaka kumi kwa njia hiyo. Jioni tuliishusha kwa matambara kwa sababu ilikuwa inachoma mikono, tukaifunga, na haikusema neno.

Leo asubuhi Zablon alimleta Ogeto, yule fundi wa redio wa sokoni. Ameweka mita yake, sindano imelala sufuri. Si kidogo, ni sufuri. Amesema hajaona betri iliyokufa hivyo. Anasema ataichukua kwa huruma na kunipa ya asidi iliyotumika. Nimemwambia aje Jumatatu.

Tangu Alhamisi mimi na Liz tunachemsha maji, tunajaza mitungi, tunaifunga blanketi na kuipanga ndani ya mashine. Kila saa moja tunabadilisha. Mayai yapo siku ya kumi na nne. Nimeyamulika kwa tochi, mengi bado yana mishipa.

Sasa sikia jambo lililonikalisha chini. Zablon aliponiambia nianze kufungasha, nilimwambia Matiko hatakubali, Matiko ndiye mwenye kauli. Alicheka. Aliniambia, "Muulize huyo Matiko wako alikula nini Oyugis."

Nikauliza alikula nini. Akanieleza. Kwamba mwezi wa tisa mwaka jana uliketi mezani kwa Motari, ukala nyama yake, ukanywa soda yake, ukamwambia dada atarudi, mpe muda tu.

Mwezi wa tisa, Matiko. Plasta ilikuwa imetoka juzi.

Kwa hiyo betri ni ya nini? Unanipa mwanga ili nisione? Umemtukana Zablon kurasa mbili, na Zablon angalau ananiambia mbele ya uso wangu. Kama Ogeto akija Jumatatu nitampa boksi lako, na uwe mura huko huko ziwani, kijana shujaa wa kubeba mawe.

Bhoke


Mbita
Jumapili, 16 Machi 2025

Dada Bhoke,

Salamu zangu huzitaki, nazijua. Nitaanza na betri kwa sababu mayai hayawezi kungoja, kisha nitasema lile lingine. Boaz ameahidi kukupa barua hii kesho kabla ya saa tatu. Nimemwambia akichelewa asirudi kwangu.

Betri haijafa. Usimpe Ogeto.

Nilipomaliza kusoma nilienda kwa Nyarangi. Sikutaka kwenda, miezi yote hii sijamuuliza kitu kwa sababu ya lile jina la mbebaji. Alisoma barua yako, alipofika pale pa bati akacheka mpaka nikataka kumtia ndani ya maji. Kisha akaacha kucheka, akachora kwenye mchanga. Anasema hivi. Zile siku tatu za mawingu mashine ilinyonya nguvu mpaka chini kabisa, na ule ubao mdogo wa ndani ukafunga mlango ili kuilinda. Ukifunga, mita inaonyesha sufuri. Haimaanishi imekufa, imelala. Sasa kile kisanduku chetu cha ukutani ni cha zamani, kilitengenezwa kwa ajili ya asidi. Chenyewe huamka kwa nguvu ya betri. Betri imelala, basi nacho kimelala, na jua linapiga paneli bure. Kila mmoja anamngoja mwenzake. Na ile taa ya kijani ilikuwa inasoma betri kwa macho ya asidi. Lithiamu haishuki taratibu, inasimama, inasimama, halafu inaanguka.

Fanya hivi. Kwanza iache kivulini mpaka ukiigusa iwe baridi kama mtungi wa maji, kwa sababu ikiwa na moto ubao hautafungua mlango. Toa waya zote. Kisha azima betri ya pikipiki ya bodaboda. Usitumie lori la Boaz hata akijitolea, lori lake lina nguvu mara mbili na litaiunguza. Pikipiki tu. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, hesabu pole pole mpaka mia moja, toa. Pima kwa mita. Ikishaonyesha kumi na mbili au zaidi, ipeleke mara moja kwa kinyozi mwenye jenereta aijaze, lakini kwanza akuonyeshe chaja yake. Iwe imeandikwa lithiamu.

Boaz pia amebeba kisanduku kipya cha ukutani. Nyarangi amekipanga mwenyewe kwa ajili ya lithiamu. Mashine uifunge hapo, si kwenye vichwa vya betri, ili kikuzimie mapema na kukupa muda wa kuwasha jiko.

Sasa kosa. Angwenyi dukani aliniuliza, kisanduku chenu ni cha aina gani? Nilikuwa sijui. Wateja walikuwa wananitazama, nilikuwa nimetoka kumfokea mbele yao kuhusu mchanga. Nikajibu, cha kisasa. Akasema basi hakuna shida. Ndiyo hiyo. Wewe uliianika kwa sababu ya baba. Mimi nilidanganya kwa sababu ya aibu yangu. Nimekutumia maneno mengi ya kujua, na la muhimu nilikuwa sijui.

Kuhusu Oyugis, ni kweli. Nilitumwa simenti, Motari akaniona stendi, akanishika mkono kama ndugu. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nilikula. Akaniuliza kuhusu wewe, na kichwa changu kikaanza kuhesabu: ng'ombe wake ndio waliomleta Liz. Akizidai, ama zitoke bomani kwangu, ama kina Liz waje wamchukue binti yao. Nikamwambia dada atarudi. Nilisema huku nikitafuna. Nilipotoka nilitaka kutapika lakini sikutapika, nyama ilikuwa imeshakuwa yangu.

Tangu hapo sijaja nyumbani. Si kazi. Ni mkono wako.

Kaka yako,
Matiko


Nyumbani
Jumatatu, 31 Machi 2025

Matiko,

Natumaini mgongo umepoa. Watoto ni wazima, Liz pia.

Boaz alifika saa mbili unusu. Ogeto akafika saa tatu na betri yake ya asidi kwenye mkokoteni. Nilimwambia aketi atazame. Nilihesabu mpaka mia moja, na kwa kuwa sikukuamini nikaongeza hamsini. Ogeto akaweka mita. Ilikuwa imeruka mpaka kumi na mbili. Aliitikisa mita, akapima tena, akavua kofia. Akauliza kama anaweza kunakili hayo maneno yako kwenye daftari lake. Nimemnyima.

Kinyozi aliijaza, nikafunga kisanduku kipya, na mashine inawaka tangu siku hiyo, haijazima. Lakini mayai yalikuwa yameumia. Yalichelewa siku mbili, na yakatoka arobaini na moja. Mengine yalitoboa ganda yakafia mlangoni. Arobaini na moja wanatembea, wana kelele, Liz amewafungia kuku wa kienyeji wawe walezi.

Motari alikuja jana, na wazee wawili, mmoja wao Mzee Omosa. Zablon aliwapeleka kwanza kuona vifaranga. Alisema, mnaona, zaidi ya nusu wamekufa, hiyo ndiyo kazi anayosema itamweka hapa. Motari akasema kwa ile sauti yake laini kwamba kwake kuna stima ya serikali, naweza kuangua nikiwa kwake. Kila mtu akaitikia kwa kichwa kama amesema jambo la maana.

Nilivua sweta. Nilikunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, pale mfupa ulipounga vibaya, nikauweka mezani mbele ya Mzee Omosa, kati ya vikombe. Mzee aliutazama, kisha akamwambia Motari aache kunywa chai kwanza.

Zablon akaleta lile la ng'ombe. Kwamba nisiporudi, ng'ombe warudi, na ng'ombe walishakuwa Liz. Hapo Liz aliingia kutoka jikoni, hakuwa ameitwa. Alisema, "Mimi si ng'ombe. Warudishieni ng'ombe wao, mimi nimebaki."

Zablon alimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Aliwaambia baba yake hatakuja kumchukua, na akija atamkuta amekaa.

Mzee Omosa alisema hivi. Hatamlazimisha mwanamke mwenye mkono ule kupanda gari. Lakini ng'ombe ni ng'ombe, na mwenye kusema zirudi vipi ni yule aliyeoa nazo. Ameweka Jumamosi tarehe kumi na mbili Aprili. Usipofika siku hiyo, kauli inabaki kwa Zablon, na Zablon ameshaitoa.

Sikuombi. Nilishakuomba tarehe mbili Machi, ukanijibu nigeuze mayai.

Dada yako,
Bhoke


Mbita
Alhamisi, 3 Aprili 2025
Mwaka mmoja na miezi sita tangu nitoke

Dada Bhoke,

Nasalimu nyumba nzima, na Liz umsalimie kwa jina lake mbele ya Zablon. Mimi ni mzima. Nina hasira, lakini safari hii najua iko wapi na simtafuti mtu wa kumpa.

Nimesoma pale uliposema Liz aliingia bila kuitwa. Mwaka mzima nimeogopa kwa niaba yake jambo ambalo yeye hakuwa analiogopa. Hakuna aliyemuuliza. Mimi sikumuuliza. Nilimwachia Motari aniulize mimi, nikiwa na njaa, na nikajibu kwa ajili ya wanawake wawili.

Nimeenda kwa msimamizi. Nimemwambia naondoka wiki ijayo. Amesema nikitoka getini jina langu linafutwa. Nikamwambia alifute sasa, kalamu anayo. Nyarangi alikuwa hapo. Amenipa bisibisi ya kupimia umeme na akaniita Matiko. Sikumshukuru vizuri, nilikuwa bado nimefura.

Nitakayosema siku hiyo nakuandikia sasa, ili hata Zablon akinikatiza wewe uwe unayajua. Mitamba yangu miwili itoke. Ng'ombe wa maziwa atoke. Ndama wake aende na mama yake, nisije nikaambiwa nimeficha. Zinazobaki nitatoa kila mwaka mpaka Mzee Omosa aseme basi, na nitazipeleka Oyugis kwa miguu yangu, na sitaketi, na sitakula. Nitamwambia Motari mbele ya wazee kwamba maneno niliyomwambia mezani kwake yalikuwa ya uongo na ya woga, na nyama yake naikumbuka. Watoto wangu watakunywa chai ya rangi. Liz nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya wazee kuketi, na akinifokea nitakaa nisikie.

Sisemi unisamehe. Sitaki uniandalie kitu, na usichinje. Kama utataka kunipiga, tumia mkono ule mzima.

Weka mayai mengine. Usingoje tarehe kumi na mbili uone nani ameshinda. Yaweke kesho.

Lori la Boaz linatoka hapa Alhamisi ijayo jioni. Nitashukia barabarani Ijumaa tarehe kumi na moja Aprili, asubuhi, na Jumamosi nitakuwa nimeketi kwenye kiti kabla Motari hajafika.

Kaka yako,
Matiko